Mkiingia Hifadhini, Idadi Yenu Ijulikane

Wazee wa Ankole husimulia kwamba hapo kale, mahali lilipo leo Ziwa Mburo palikuwa na bonde, na katika bonde hilo waliishi ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Usiku mmoja Kigarama aliota kwamba maji yangefurika na kulimeza bonde zima. Kulipopambazuka alimweleza ndugu yake, akamsihi wahamie vilimani. Mburo akapuuza. Kigarama alipanda peke yake. Mafuriko yakaja, na Mburo akazama. Hadi leo ziwa linaitwa kwa jina la yule aliyepuuza, na vilima vilivyo juu yake kwa jina la yule aliyechukua tahadhari.

Ndugu msomaji, hatukikumbuki kisa hiki kwa nia ya kukutia hofu ili usiende huko. La hasha. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1983, ni mojawapo ya mahali ambapo mwananchi anaweza kuondoka Kampala asubuhi na usiku huohuo akalala hemani akisikia viboko wakikoroma majini. Msitu wa Mabira, unaokatwa na barabara kuu ya Kampala kwenda Jinja, uko karibu zaidi. Ipo pia misitu ya Kibale na Budongo, na kingo za maziwa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hizi ni mali zetu, na ni haki yetu kuzifurahia.

Zamani kulala hemani kulidhaniwa kuwa jambo la wageni kutoka ng'ambo. Siku hizi wanafunzi wa vyuo, wanakwaya, wafanyakazi wa ofisi moja na familia nzima hufunga mizigo siku za sikukuu na kwenda. Sisi katika Polisi tunafurahia mabadiliko hayo. Hata hivyo, tunaona kwamba wengi hujiandaa kwa chakula, muziki na kamera, lakini husahau jambo moja lisilogharimu hata shilingi moja: kuhakikisha kwamba idadi yao, majina yao na saa yao ya kurudi vinajulikana kwa mtu aliye nje ya kambi. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo dogo huokoa maisha, na mengine yanayoambatana nalo.

Usiku tulioita jina lisilo lake

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijahamishiwa kitengo cha uhusiano na jamii, nilikuwa zamu katika kituo kimoja kilicho karibu na eneo la hifadhi lenye ziwa. Ilipokaribia saa tano usiku simu ililia. Kijana aliyekuwa kiongozi wa kambi alisema mwenzao mmoja haonekani. Nilimuuliza wako wangapi. Alijibu kumi na wanane, kisha akajirekebisha: kumi na tisa. Kikundi chao kilikuwa kimekusanyika kwa matangazo ya simu, na wengi wao walifahamiana asubuhi hiyo ndani ya gari.

Tulipofika, kiongozi alisoma orodha yake kwa mwanga wa tochi. Jina moja tu halikuitikiwa. Askari wa hifadhi, polisi wawili na vijana wachache wakaanza kuzunguka kando ya matete wakiliita jina hilo. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Nambari ya simu iliyoandikwa kando ya jina ilikuwa imezimwa. Saa mbili zilipita, kisha ya tatu.

Karibu saa nane mmoja wa vijana alikumbuka kwamba anamfahamu jirani wa yule tuliyekuwa tukimtafuta. Jirani akaamshwa, akaenda kugonga mlango, na mama mwenye nyumba akashika simu. Alishangaa sana. Mwanawe, alisema, alikuwa amelala chumbani tangu saa tatu; alikuwa na homa na hakusafiri.

Basi aliyepotea alikuwa nani? Katika hema la mwisho alikuwamo kijana aliyekuwa amelewa na kulala tangu magharibi. Tulipomwamsha na kumuuliza, aliketi, akatazama huku na huku, akasema, "Na rafiki yangu yuko wapi?" Yeye ndiye aliyemleta rafiki huyo dakika ya mwisho kuchukua nafasi ya mgonjwa. Nauli ilikuwa imelipwa. Hakuna aliyebadilisha jina kwenye orodha. Langoni nako walikuwa wameandikisha kikundi na jina la kiongozi, basi.

Tulipoanza kuita jina lake halisi, haikuchukua nusu saa. Aliitikia kutoka juu ya kichuguu, upande wa pili wa vichaka, umbali usiofika hatua mia tano kutoka hemani. Alikuwa ameshuka ziwani kunawa, akakutana na kiboko njiani, akakimbia upande asioujua, tochi ikamwanguka na kifundo cha mguu kikavunjika. Tulimuuliza kwa nini hakuitikia muda wote ule. Alijibu kwamba alitusikia kwa mbali, ila jina lililoitwa halikuwa lake, akadhani ni watu wengine wanaomtafuta mtu wao. Na kwa kuwa kiboko alikuwa bado akila majani karibu, aliogopa kupaza sauti bure.

Kijana huyo alipona. Lakini nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: je, kama angekuwa anavuja damu? Kosa halikuwa la vijana peke yao. Mimi niliyepokea simu nilipaswa kuuliza mara moja ni nani aliyemwona kila mmoja kwa macho yake, na sikuuliza. Mtu anayejulikana kuwa yupo ndiye anayeweza kujulikana kuwa hayupo. Hilo ndilo somo la usiku ule.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Kwanza, fahamuni mnaingia katika eneo la nani. Hifadhi za taifa, kama Ziwa Mburo, Kibale na Queen Elizabeth, husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Misitu mikuu ya akiba, kama Mabira na Budongo, iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Kila mamlaka ina utaratibu wake wa vibali, ada na mahali palipotengwa kwa mahema. Kupiga kambi popote macho yanapopenda hakuruhusiwi, na sababu si urasimu. Mahali palipotengwa ndipo askari wa doria wanapopajua na ndipo msaada utakapokuja kwanza.

Pili, andikeni orodha kamili: jina halisi la kila mtu, jina analoitwa na wenzake, nambari ya simu yake na ya ndugu aliye nyumbani, na ugonjwa wowote unaohitaji dawa, kama pumu, kifafa au kisukari. Nakala moja ibaki kwa mtu aliye nyumbani, ya pili ikabidhiwe langoni, ya tatu iwe kwa kiongozi. Mtu akibadilishwa, orodha ibadilishwe palepale, hata kama gari limeshawashwa.

Tatu, mwachieni aliye nyumbani saa ya kurudi na agizo lililo wazi: "Tusipopiga simu kufikia saa fulani, wajulishe askari wa hifadhi, kisha polisi." Katika hifadhi nyingi mtandao wa simu hupatikana huku na kukosekana kule, na betri hazidumu. Agizo hilo hufanya kazi hata pale simu zenu zote zinapokuwa zimezimika.

Nne, ulizeni hali ya usalama. Mwezi Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na Serikali ilisema waliohusika ni waasi wa ADF. Hatutaji msiba huo ili watu waukimbie upande huo wa nchi. Tunautaja kwa sababu hali hubadilika, na walio zamu ndio wenye habari za leo. Kituo cha polisi kilicho karibu na askari wa langoni watawajibu bila malipo.

Kando ya ziwa

Nchini mwetu, tulio kwenye Ikweta, jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Fikeni kambini mapema, mahema yasimame kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtembee mazingira mkiwa bado mnaona.

Mnyama wa kwanza wa kuheshimiwa ni kiboko. Huyu hali nyama, hula majani. Mchana hukaa majini kuilinda ngozi yake dhidi ya jua, na giza linapoingia hutoka kwenda malishoni, wakati mwingine mwendo wa kilomita kadhaa, kisha hurejea kabla ya mapambazuko. Hupita njia zilezile kila usiku, na njia hizo huonekana kwa urahisi: mifereji miwili ya udongo uliokanyagwa, yenye ukanda wa majani katikati, inayoelekea majini. Hema lisisimamishwe juu ya njia hiyo wala karibu nayo. Hatari kubwa zaidi ni kusimama kati ya kiboko na maji, kwa kuwa akishtuka hukimbilia ziwani na hapishi kitu. Ana uzito unaozidi tani moja, na kwa mwendo mfupi humshinda mwanadamu mbio.

Ukimsikia akitafuna majani karibu na hema, baki ndani, funga zipu, usipige kelele wala usitoke kupiga picha. Mara nyingi hula na kwenda zake. Usiku msishuke ziwani kuchota maji, kunawa wala kuosha vyombo. Chukueni maji ya kutosha mchana. Anayehitaji kwenda chooni amwamshe mwenzake, waangaze kwa tochi pande zote, ndipo watoke.

Mamba naye hukaa kimya penye maji machafu na mafunjo. Msioge wala kuogelea mahali ambapo askari hawajawaruhusu, hata kama mnaona wavuvi wakifanya hivyo. Isitoshe, katika maziwa yetu mengi, penye maji yaliyotulia na majani kando, huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Na anayepanda mtumbwi avae jaketi la kuokolea maisha, hata ajue kuogelea vipi. Upepo wa ziwani hauombi ruhusa.

Chini ya miti

Msituni kabla ya kusimamisha hema tazameni juu. Tawi kavu au mti uliooza unaweza kuanguka usiku mvua inaponyesha, na katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, dhoruba huja ghafla. Msikae bondeni panapopita maji ya mvua.

Moto uwashwe mahali palipotengwa tu. Majani makavu yafagiliwe, ndoo ya maji iwe karibu, na kabla ya kulala mwagieni maji mpaka majivu yawe baridi mkiyagusa. Msikate miti hai kwa kuni. Ulizeni kuni zinakopatikana kwa halali.

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Kamwe msiingize sigiri ya mkaa ndani ya hema, hata kama baridi ni kali au mvua imewanyeshea mkipika. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya hema lililofungwa gesi hiyo hujaa upesi. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Hulala fofofo na asubuhi haamki. Hata sigiri inayoonekana kuwa imezimika, yenye makaa mekundu chini ya majivu, ina uwezo wa kuua. Ukihisi baridi, ongeza blanketi.

Chakula kisilale hemani. Nyani na tumbili huchana hema mchana kwa sababu ya ndizi moja, na fisi huvutwa usiku na harufu ya nyama. Kiwekeni garini au stoo ya kambi, na taka zote mzirudishe mjini. Msiwalishe nyani, hata kama watoto wanafurahi. Nyani aliyezoea kupewa chakula hujifunza kunyang'anya, na atakayeumwa ni mgeni wa wiki ijayo.

Mapango nayo yana hatari isiyoonekana. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa homa ya Marburg baada ya kuingia katika pango la popo katika msitu wa Maramagambo. Pango ambalo askari hawajawapeleka ninyi wenyewe, msiliingie.

Jirani, pombe na sheria

Kambi ina majirani. Chini ya sheria, asilimia 20 ya ada za kuingia katika hifadhi za taifa hurudishwa kwa jamii zinazopakana nazo. Hivyo mgeni anayelipa langoni anamchangia jirani wa hifadhi, na jirani anayemlinda mgeni analinda fungu lake mwenyewe. Tunawaomba wenyeviti wa vijiji na waendesha bodaboda wasikubali kuwapitisha watu kwa njia za panya ili kukwepa ada. Anayeingia kwa njia hiyo hayumo katika daftari lolote. Akipatwa na jambo, hakuna atakayejua pa kuanzia.

Wizi mwingi wa kambini hutokea mchana, watu wanapokwenda matembezini na kuacha simu na fedha hemani. Zipu si kufuli. Achieni mtu zamu, au kabidhini vitu vya thamani kwa uongozi wa kambi. Kinamama na mabinti wapangiwe mahema katikati ya kambi, si pembeni, na asiwepo anayelazimishwa kulala hema moja na asiyemtaka. Shambulio la kingono ni kosa la jinai msituni kama lilivyo mjini. Likitokea, litolewe taarifa mara moja, na mhanga afikishwe hospitali bila kuoga wala kubadili nguo ili ushahidi usipotee.

Kuhusu pombe, hatukuja kuhubiri. Tunasema hivi tu: katika kila kambi wawepo angalau watu wawili wasiokunywa usiku huo, na dereva awe mmoja wao. Katika kisa tulichosimulia, mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa amelewa.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ni kali. Kuingia katika eneo la hifadhi bila idhini ni kosa, na makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka yanaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Mkiuziwa nyama ya porini kwa bei nafuu, kataeni na toeni taarifa. Mkiona mtego wa waya, msiuondoe wenyewe. Wekeni alama ya mahali na mwite askari, kwa sababu ni ushahidi na mtegaji anaweza kuwa karibu.

Mtu akipotea: saa ya kwanza

1. Kusanyeni wote mahali penye mwanga na mhesabiane kwa majina halisi. Waamsheni waliolala. Kila mmoja aonekane kwa macho.

2. Ulizeni nani alimwona mwisho, wapi, saa ngapi, amevaa nini na alielekea wapi. Andikeni majibu.

3. Mjulisheni askari wa hifadhi aliye karibu, kisha pigeni polisi kwa nambari 999 au 112. Nambari hizi hazina malipo. Msisubiri asubuhi, wala msiamini maneno kwamba lazima saa ishirini na nne zipite kwanza.

4. Msitawanyike gizani kumtafuta. Anayemtafuta aliyepotea bila mpango huwa aliyepotea wa pili. Washeni taa za gari kuelekea upande mmoja na mpige honi kwa vipindi, ili aliyepotea ajue kambi iko wapi, isipokuwa askari wakishauri vinginevyo kwa sababu ya wanyama.

5. Iteni jina lake, kisha nyamazeni msikilize.

Nawe uliyepotea, kaa ulipo. Ukisikia watu wanaita, hata kama jina si lako, itikia. Piga makofi, piga filimbi, gonganisha mawe. Hakuna mtafutaji atakayekasirika kwa kumpata mtu asiyemtarajia.

Hitimisho

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari tuliyoieleza haihitaji silaha wala mitambo; inahitaji karatasi, kalamu na dakika kumi langoni. Askari wa hifadhi, askari polisi, mwenyekiti wa kijiji na mama aliyebaki nyumbani wote wako tayari kukusaidia, mradi wajue kwamba uko huko.

Nendeni basi na watoto wenu mkalale chini ya nyota za nchi yenu. Muwaoneshe pundamilia wa Mburo na muwasikilizishe ndege wa Mabira alfajiri. Mkifika langoni, kabla ya kufungua buti la gari, hesabianeni, andikeni majina yote, na mmkabidhi askari karatasi hiyo mkononi. Siku ya kurudi piteni tena langoni mkamwambie, "Tulikuwa kumi na tisa, na wote kumi na tisa tunaondoka."